Bwana Silvester Kaijage, Aliyetufundisha Kuitaja Safari

Bwana Silvester Kaijage anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuutumikia ualimu kwa miaka thelathini na minne, ishirini na miwili kati ya hiyo akiwa hapa Mafia. Wahariri wa jarida letu la wafanyakazi wameniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza yangu na yake zimetazamana muda mrefu kuliko ndoa nyingi za wilaya hii. Nimekubali kwa sharti moja, nisikatazwe kumtania. Yeye ni Mhaya, mimi ni mtoto wa Kilindoni, na utani wetu haukuanza leo.

Kwa wasiomjua vizuri, Bwana Silvester alizaliwa Bukoba, akasomea ualimu, akafundisha bara kwa miaka kadhaa kabla ya kuletwa kisiwani. Watumishi wengi wanaohamishiwa hapa huanza kuomba uhamisho hata mabegi hawajafungua. Yeye aliomba ndizi. Alilizunguka soko zima la Kilindoni akiulizia ndizi za kupika, akauziwa chane moja ya ndizi mbivu, akaenda nazo nyumbani akazichemsha hivyohivyo kwa ukaidi. Siku hizi anakula pweza wa nazi na anabishana na kina mama wa mjini kuhusu tui la kwanza na la pili. Tumemtoa mbali.

Alianza kwa kufundisha jiografia upande wa Baleni, na waliopita mikononi mwake wanasema hakuwahi kuingia darasani bila ramani, hata kama ilimbidi aichore mwenyewe sakafuni kwa chaki. Baadaye akahamishiwa ofisi ya elimu kushika dawati la mafunzo ya walimu. Hilo ndilo dawati linaloshughulikia ruhusa za masomo na ufadhili kwa walimu wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya elimu. Wakati ule hakuna aliyelitaka, maana kazi yake kubwa ilikuwa kuwaambia watu kwamba hawakupata.

Bwana Silvester alilishika kana kwamba amepewa ukuu wa chuo. Alianzisha kikao cha Jumamosi asubuhi, na mwalimu yeyote mwenye nia ya kusoma aliruhusiwa kuja. Walikuja kutoka Utende, Baleni na Kirongwe, wengine kwa baiskeli, wakakaa kwenye ukumbi wetu mdogo wakisomewa matangazo ya ufadhili mstari kwa mstari. Alikuwa akiwaonya juu ya ufadhili wa nusu, ule unaolipa ada na kumwacha mtu bila pango wala chakula. Alikuwa akiwaeleza mkataba wa kurudi kazini, gharama za utafiti, na namna ya kuomba chuo na fedha kwa wakati mmoja badala ya kusubiri kimoja kije ndipo akimbilie kingine. Maelezo ya kwa nini mwombaji anataka kusoma hakumwandikia mtu hata siku moja. Aliwarudishia, wakaandika upya, akawarudishia tena. Wapo waliomchukia kwa hilo, na leo wana shahada zao.

Kasoro yake ilikuwa moja. Jumamosi mojawapo aliamua kuwafundisha walimu namna ya kujieleza mbele ya wanaotoa ufadhili, akasimama na kujitolea mfano. Alizitaja sifa zake kwa muda mrefu, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuanzia alama zake za shule ya msingi. Walimu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Kisha akamwita mwalimu mmoja wa Utende naye ajisifu. Yule dada akasimama, akataja jina lake, akasema anafundisha kidogo kidogo kwa uwezo wa Mungu, akakaa. Wahaya wenzake Bwana Silvester wangesikitika sana.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo wageni hulielewa kwa kuchelewa. Kwetu, jambo la heri halitajwi kabla halijakamilika. Mimba haitajwi, posa haitajwi, na safari ndiyo kabisa. Si uongo. Ni kinga dhidi ya husda, na ni adabu vilevile, maana anayetangaza asichonacho bado anaonekana ana kiburi. Adabu hiyo ina upande wa pili. Mtu akiulizwa na mgeni habari za heri ya jirani yake, hujibu kwamba hajui. Hilo jibu ni zawadi unayompa jirani, umemfunikia chake mpaka kiive. Tumelelewa hivyo, nami najibu hivyo mpaka leo.

Mwalimu Shamsa Mfaume anafundisha darasa la kwanza katika shule moja ya upande wa Kirongwe. Jina la shule nalihifadhi kwa sababu mwalimu mkuu wake atakuwepo kwenye hafla ya kumuaga Bwana Silvester na nimepangwa naye meza moja. Shamsa huandika silabi kwenye vifuu vya nazi, watoto wakavipanga chini mpaka neno litokee, na watoto walioshindikana kwingine kwake wanasoma. Alitaka kuifanyia utafiti njia hiyo katika shahada ya uzamili, kisha akafundishe walimu chuoni. Kwa mshahara wake na watoto wanaomtegemea, njia ilikuwa moja tu, mfuko mmoja wa Dar es Salaam unaowasomesha walimu. Mfuko huo haumpokei aliyekwisha kutimiza miaka arobaini, na Shamsa anaitimiza Septemba mwaka huu.

Aliomba mwaka juzi, akakataliwa. Akaomba mwaka jana, akakataliwa tena, na sababu aliyopewa ni kwamba maelezo yake hayakuthibitika. Hakuna aliyeelewa maana yake. Alama zake zilikuwa nzuri, chuo kilikuwa kimemkubali, na Bwana Silvester mwenyewe alikuwa amekagua kila kitu. Shamsa alikuja ofisini, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, akasema labda darasa la kwanza ndiyo riziki yake na hana ugomvi na Mungu. Kisha akalia. Bwana Silvester akamsogezea maji, na mimi nilijifanya kutafuta kitu kwenye droo ya chini.

Lilikuwa limebaki dirisha moja la maombi. Baada ya hapo Shamsa angekuwa amevuka umri, na Bwana Silvester angekuwa amestaafu. Alituambia wazi kwamba hawezi kwenda kupumzika na jambo hilo kifuani.

Ukweli aliukuta kwenye chai. Alikwenda kukagua shule upande wa Kirongwe, na mwalimu mkuu wa Shamsa, Mwalimu Shamte (jina limeniponyoka, atanisamehe mezani), akamkaribisha kwa mihogo ya kuchemsha. Katika mazungumzo ya kawaida Mwalimu Shamte akamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyetimiza wajibu, jinsi anavyomlinda Shamsa. Maneno yake Bwana Silvester alitusimulia mara nyingi mno: “Kuna mtu kanipigia simu, simjui hanijui, ananiuliza Mwalimu Shamsa anajiandaa kwenda kusoma? Nikamwambia hapana bwana, Shamsa haendi popote, katulia zake hapa. Mwaka wa pili kapiga tena, nikamjibu vilevile.” Chai ilimpalia Bwana Silvester, ikabidi apigwe mgongo.

Mtu yule wa simu alikuwa mhakiki wa mfuko, na Mwalimu Shamte ndiye aliyekuwa mdhamini wa Shamsa. Alikuwa ametia saini maombi yake kwa mkono wake mwenyewe. Kwake yeye saini ilikuwa siri ya ofisini, na mtu wa simu alikuwa mtu wa simu. Kumbe mwaka jana mhakiki alifika hata nyumbani. Bi. Shadya, mama yake Shamsa, alimpa dafu na mkate wa kumimina, akamwambia kwa upole kwamba binti yake kasoma, imetosha, hana haja ya zaidi. Watu wawili waliompenda Shamsa kuliko wote ndio waliomfungia mlango, na kila mmoja alilala usingizi mzuri.

Bwana Silvester alirudi ofisini akipiga kelele. Nilimwambia kwamba na mimi ningeulizwa na mtu nisiyemjua, ningejibu hivyohivyo. Hakunisemesha mpaka saa ya chakula.

Alichofanya kwanza hakikusaidia. Alimwendea Bi. Shadya kwa sauti ya kiofisi, akamweleza taratibu za mfuko, umuhimu wa ukweli na umri unaokwisha. Bi. Shadya alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea dafu la pili, akasema inshallah. Anayeijua inshallah ya Bi. Shadya anajua kwamba hapo mazungumzo yameisha.

Akarudi tena wiki iliyofuata, safari hii kwa namna nyingine. Alianza na shikamoo, akakaa chini kwenye jamvi, akauliza habari za mazao, korosho na wajukuu, asitaje mfuko kabisa. Mwishoni akauliza swali moja tu. Aliuliza, kwa mila za hapa, jambo la heri huruhusiwa kutajwa lini. Bi. Shadya akamjibu: “Mwanangu, likishasomewa dua na watu wakala, lishawekwa mikononi mwa Mungu. Hasidi atalifanya nini tena?” Bwana Silvester akauliza kama dua hiyo inaweza kusomwa kwa jambo linaloombwa, halijapatikana. Kwetu dua ya safari husomwa mtu akishapata safari. Bi. Shadya akasema, kama anayejiambia mwenyewe: “Ela dua si ndiyo kuomba? Mtu haombi alichonacho.”

Ndivyo kisomo cha dua kilivyofanyika nyumbani kwa Bi. Shadya, alasiri ya Ijumaa, kabla maombi ya Shamsa hayajatumwa. Bwana Silvester, Mkatoliki wa kutokosa misa, alichangia mchele, akaazima kofia iliyokataa kuenea kichwani, akakaa pembeni ya mkeka na kuitikia amina pale alipojua na pale asipojua. Dua ilipokwisha na sinia zikatolewa, Bi. Shadya aliomba ruhusa kwa shehe akasema akiwa upande wa wanawake: “Mwanangu Shamsa anaomba kwenda kusoma. Hajapata. Anaomba. Atakayeulizwa, aseme.” Nilikuwepo. Nilimtazama Shamsa, alikuwa ameinamisha kichwa na kushika pindo la kanga yake, na sijui nani alikuwa na hofu zaidi, yeye au mama yake. Watu wakaitika.

Mhakiki alikuja Aprili. Masharti ya mfuko hayaruhusu mtu wa ofisi kuandamana naye, kwa hiyo Bwana Silvester alibaki Kilindoni. Nawaambia, sijapata kuona mtu mzima akiteseka namna ile. Alipanga viti vya ukumbini, akavipangua, akavipanga tena vikitazama ukutani. Alitengeneza bawaba ya mlango ambayo haikuwa na tatizo, na tangu siku hiyo ina tatizo.

Na kweli kidogo mambo yaharibike. Mtu wa kwanza kuulizwa na mhakiki, pale barabarani, alikuwa Mzee Abubakari, ambaye siku ya kisomo alikuwa shambani kwake Baleni. Aliulizwa kama anamfahamu Mwalimu Shamsa Mfaume anayetaka kwenda kusoma. Akajibu hamfahamu mtu wa jina hilo. Shamsa ni mtoto wa dada yake. Mhakiki alikuwa amekwisha kumwambia dereva wa pikipiki ageuze, ndipo mke wa Mzee Abubakari alipotoka uani na mwiko mkononi, akapaza sauti hata nyumba ya tatu wakasikia: “Weye mzee, lishasomewa hilo! Mwambie mgeni!”

Mzee Abubakari hakuona haya hata kidogo. Alisema kumbe ni Shamsa huyo, akapanda nyuma ya pikipiki, wakawa watatu, akampeleka mhakiki mlangoni huku akimhesabia sifa za mpwa wake tangu alipokuwa wa kunyonya. Kwa Bi. Shadya kulikuwa na kazi zaidi. Mama ambaye miaka yote hakusema kitu alisema vyote. Alieleza vifuu vya nazi, akaeleza mtoto wa jirani aliyekuwa hajui herufi na sasa anamsomea babu yake gazeti, akaeleza jinsi binti yake alivyolia mara mbili na yeye akidhani ni maradhi. Mwalimu Shamte akafika na darasa zima la kwanza, kila mtoto na kifuu chake, wakamwandikia mgeni jina lake chini uani. Mhakiki alipotaka kuondoka ilibidi aage mara kadhaa.

Jibu lilikuja mwishoni mwa Mei. Shamsa amepata ufadhili kamili: ada, malazi, posho ya kujikimu na gharama za utafiti. Bwana Silvester aliusoma ujumbe akiwa amesimama, akakaa, akavua miwani, akasema neno la Kihaya ambalo amekataa kututafsiria. Kisha akaenda nyumbani kabla ya saa ya kutoka, kitu ambacho hajakifanya tangu nimjue. Mimi nililia, na sioni aibu kuliandika. Ilikuwa kama nimetua mzigo niliosahau kwamba nimeubeba. Ofisi nzima ilipumua, hata mhasibu.

Shamsa alipopigiwa simu aliuliza tu kama mama yake anaweza kuambiwa sasa. Aliambiwa mama ndiye anayewaambia wengine.

Tangu hapo utaratibu umebadilika bila waraka wa mtu yeyote. Waombaji wa Utende wamekwisha kufanya kisomo chao. Walimu Wakristo wa Kilindoni nao wamepeleka nia zao kanisani, zikasomwa kwa majina mbele ya waumini, jambo ambalo zamani wangeona ni kujionesha. Wadhamini sasa wanapokea simu za wageni na kusema wanayoyajua. Hili ndilo Bwana Silvester anatuachia, pamoja na walimu aliowasomesha waliotawanyika katika shule zetu. Hakuivunja adabu yetu. Aliuliza mlango wake uko wapi, akabisha hodi.

Tunamshukuru pia mkewe, Bi. Clotilda, aliyetukopesha Jumamosi zake zote bila kulalamika, au akilalamika kwa Kihaya. Sasa anarudishiwa zote, na ametuambia anajua pa kuzitumia.

Watu wameniuliza sana Bwana Silvester anakwenda kuishi wapi baada ya tarehe thelathini. Wengine wanasema Bukoba, wengine wanasema ameonekana akitazama kiwanja huku huku kisiwani. Nikaona mimi rafiki yake nitaambiwa, nikamuuliza ana kwa ana. Mhaya huyu, aliyesimama mbele ya walimu akajisifia alama za darasa la nne, alinitazama usoni akasema Mungu akijaalia nitasikia.

Basi nenda kwa amani, Bwana Silvester. Umetuondolea machozi ya Shamsa, nasi tunakuombea afya, usingizi wa mchana, na ndizi za kupika zisizoisha. Ila kuhusu uendako, usiwe na wasiwasi nasi. Atakayekuja kutuuliza, hata awe nani, tutamkaribisha dafu, tutamuuliza habari za nyumbani, na tutamwambia kwamba hatujui.

Zuleikha Mudrik
Kwa niaba ya wafanyakazi wenzako